Albania ya bara: mwongozo wa siku 12, kutoka Ziwa Koman hadi maji moto ya Përmet

Wageni wengi wanaoingia Albania huishia pwani. Wanafika Sarandë na Ksamil, wanaoga baharini, wanapiga picha na kuondoka. Nyuma ya pwani hiyo kuna nchi nzima ya milima, mabonde na miji ya mawe ambayo hata Wazungu wa nchi jirani hawaijui vizuri. Kwa ukubwa inaizidi Burundi kidogo tu, kilomita za mraba 28,748, lakini usidanganyike na ramani: kilomita 70 za huko milimani zinaweza kula saa mbili na nusu.

Njia iliyoelezwa hapa inapita kaskazini kwanza, kisha kusini, na inamfaa mtu asiye na gari. Kabla ya mengine yote shika jambo moja: usafiri wa Albania ni wa asubuhi. Mabasi madogo yanayoitwa furgon huondoka yakijaa, kama daladala au matatu, na mengi hujaa mapema. Kivuko kikubwa cha Ziwa Koman huondoka asubuhi. Milimani mvua ya radi hupiga mchana. Anayeamka saa tatu huko hupoteza siku nzima, si saa chache. Saa zilizotajwa humu ni za Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 09:00 ni ya saa tatu asubuhi.

Viza

Albania haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na maombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, e-visa.al. Lakini kuna mlango wa pembeni: ukiwa na viza hai ya Schengen, Uingereza au Marekani inayoruhusu kuingia mara nyingi, na ambayo umeshaitumia angalau mara moja kuingia nchi iliyoitoa au eneo lake, unaingia Albania bila viza nyingine. Vivyo hivyo kwa wenye kibali cha ukaazi cha maeneo hayo. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, hasa msimu wa utalii unapokaribia, kwa hiyo yasome upya kwenye tovuti ya Wizara ya Ulaya na Mambo ya Nje ya Albania kabla ya kulipa nauli.

Kosa linalowaumiza watu ni hili. Mtu ana viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, yuko Ugiriki au Italia, anaona Albania iko karibu, anavuka. Akitoka Schengen viza yake imekwisha kazi, na tiketi yake ya kurudi nyumbani inaanzia Roma. Hata boti ya muda mfupi kati ya kisiwa cha Corfu na Sarandë ni kuvuka mpaka wa Schengen. Kama viza yako si ya kuingia mara nyingi, ifanye Albania iwe mwisho wa safari na urudi nyumbani ukitokea Tirana.

Kutoka Afrika Mashariki njia rahisi ni kupitia Istanbul, na walio Ghuba wana ndege kutoka Dubai. Walio Ulaya watakuta ndege za bei nafuu kwenda Tirana kutoka miji mingi.

Msimu

Kwa njia hii nzima, nenda kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo, njia ya miguu ya kuvuka mlima kutoka bonde la Valbona kwenda kijiji cha Theth bado ina theluji juu, na theluji ya mwanzo wa Juni ni mbaya kuliko ya Januari: imelainika juu, chini yake maji yamechimba pango, na mguu unazama bila taarifa. Septemba ndio mwezi bora. Joto la kusini limepungua, nyumba za wageni zina nafasi, na matunda yapo sokoni. Julai na Agosti Gjirokastër na Berat huwa na joto kali mchana, na huko Theth vitanda hujaa wiki kadhaa mbele.

Ukiwa na nafasi ya kwenda majira ya baridi tu, acha milima ya kaskazini na ufanye nusu ya kusini peke yake.

Pesa, na ile sifuri ya ziada

Sarafu ni leke. Euro 1 ni takriban leke 100, hesabu nyepesi ya kichwani. Mwaka 1965 serikali iliondoa sifuri moja kwenye fedha, lakini hadi leo watu wengi, hata vijana waliozaliwa baadaye, hutaja bei kwa hesabu ya zamani. Muuza matunda akikwambia elfu tano, mara nyingi ana maana ya leke 500. Hakuibii; ndivyo anavyosema na mama yake. Uliza: "Të reja apo të vjetra?", yaani mpya au za zamani? Au mpe kalamu aandike. Ukilipa elfu tano pasipo kuuliza, umelipa mara kumi, na si kila mtu atakimbia kukurudishia.

Beba fedha taslimu. Nje ya Tirana na hoteli kubwa, kadi haina kazi nyingi. Valbona na Theth usitegemee ATM; za uhakika ziko katika miji ya Shkodër na Bajram Curri. Benki nyingi hukata ada ya leke mia kadhaa kila unapotoa kwa kadi ya nje, basi toa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja badala ya kidogo kidogo. Kwa siku nne za milimani mtu mmoja aingie na sawa na euro 250, leke na euro zikiwa zimechanganywa, kwa sababu nyumba za wageni hupokea zote mbili.

Soketi ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo plagi yetu ya pini tatu inahitaji adapta. Nunua laini Tirana mjini, si uwanja wa ndege. Pakiti za watalii ni za bei ya kawaida na wanahitaji kuona pasipoti. Pakua ramani ya nchi nzima kwenye simu kabla ya kuondoka Shkodër, maana ndani ya mabonde mtandao hukatika.

Maneno machache na kichwa kinachotikiswa

"Po" ni ndiyo, "jo" ni hapana, "faleminderit" ni ahsante, "sa kushton?" ni bei gani. Sikiliza neno, usitazame kichwa. Kwa desturi ya wenyeji, hasa wazee, kutikisa kichwa pembeni ni kukubali, na kukiinua juu mara moja ni kukataa. Vijana wanaozoea wageni hufanya kama sisi, ndiyo maana mambo huchanganyika zaidi: hujui huyu anafuata mtindo gani. Ukimuuliza dereva kama gari linakwenda Berat, subiri aseme po au jo kwa mdomo.

Chakula, na suala la nguruwe

Katika sensa ya 2023 karibu nusu ya watu walijiandikisha kuwa Waislamu, wengi Wasunni na wachache Wabektashi, wafuasi wa tarika ya Kisufi ya Bektashi. Lakini nchi hii ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, ikafunga misikiti na makanisa, na ibada haikuruhusiwa tena hadi mwishoni mwa 1990. Mazao yake unayaona mezani: Mwislamu wa huko anaweza kukukaribisha kwa raki, ambayo ni pombe kali ya zabibu, bila kuona ajabu yoyote. Weka kiganja kifuani, sema "nuk pi alkool, faleminderit", na uombe "çaj mali", chai ya majani ya milimani. Hakuna atakayechukia.

Kuhusu nyama uliza "A ka mish derri?", je, kuna nyama ya nguruwe? Bonde la Valbona ni la Waislamu kwa sehemu kubwa, Theth ng'ambo ya mlima ni Wakatoliki, na bado hata upande wa Valbona usidhani kwamba kila nyama imechinjwa kisheria. Anayeshika halali kwa ukali ataishi vizuri kwa vyakula visivyo na nyama: byrek (andazi la tabaka nyembamba za unga) ya mchicha au jibini, fërgesë (pilipili hoho na nyanya zilizopikwa na jibini laini), mchuzi wa maharage, mtindi, asali, mboga za bustani ya mwenye nyumba. Mwambie mwenyeji siku moja kabla, si mezani.

Na huko kaskazini omba flija. Ni tabaka nyingi za uji mwepesi wa ngano, kila tabaka likimiminwa kwa mistari kama miale ya jua, likiivishwa kwa mfuniko wa chuma uliopalizwa makaa. Mfuniko huondolewa, tabaka jingine humiminwa, mfuniko hurudi. Anayejua kupika mkate wa kumimina kwa makaa ya juu na chini ataelewa mara moja kwa nini inachukua saa tatu na kwa nini lazima uagize asubuhi.

Siku ya 1 na 2: Tirana hadi Shkodër

Kutoka uwanja wa ndege, ulio Rinas, kuna basi la kwenda katikati ya jiji kwa takriban leke 400. Safari ni kama nusu saa njia ikiwa wazi. Tirana ipe jioni moja. Tazama michoro ya Msikiti wa Et'hem Bey uliopo uwanja wa Skanderbeg: wachoraji walipaka miti, maporomoko ya maji na madaraja, jambo la nadra ndani ya msikiti.

Asubuhi nenda kituo cha mabasi ya kaskazini na kusini, nje kidogo ya katikati, upande wa barabara ya Durrës. Usitegemee treni; reli ya abiria imesinyaa hadi karibu na kutokuwepo. Na angalia: mabasi ya kusini-mashariki, ya Korçë na Pogradec, yana kituo chake kingine kabisa. Shkodër ni karibu kilomita 100, saa mbili.

Shkodër ni mji wa baiskeli. Kodi moja kwa siku, na ifanyie mambo matatu. Panda ngome ya Rozafa mchana ukianza kupoa. Hadithi yake ni ya mke aliyezikwa hai ukutani ili ukuta usimame, akaomba waache tundu la titi moja anyonyeshe mwanawe. Nenda kilomita 8 hadi Mes, kwenye daraja la mawe la karne ya 18 lenye urefu wa mita 108 na matao 13. Kisha ingia makumbusho ya picha ya Marubi: Pietro Marubi na warithi wake walipiga picha za watu wa mji huu tangu katikati ya karne ya 19, na hakuna mahali pengine utakapoona sura za wakulima, watawala na maharusi wa Balkani ya zamani kwa ubora ule. Hapo mtu akae saa mbili.

Jioni panga ya kesho kupitia nyumba unayolala: furgon ya Koman, kivuko, na gari la kutoka Fierzë, kivuko kinapofika, hadi Valbona, vyote kwa mkupuo mmoja. Jumla huwa kati ya euro 25 na 35. Unaweza kununua kimoja kimoja, lakini ukifika Fierzë bila gari utakuta viti vyote vina wenyewe. Begi kubwa liache Shkodër. Utarudi hapo siku ya saba. Milimani ingia na begi la kilo 6 hadi 8.

Siku ya 3: Ziwa Koman

Furgon hukuchukua mlangoni takriban saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sehemu ya mwisho ni kona tupu; anayetapika garini akae mbele na asile mayai. Mwishoni gari linaingia kwenye handaki lililochimbwa ndani ya jabali, na ukitoka upande wa pili uko gatini ghafla: jukwaa dogo la saruji, ukuta wa bwawa upande mmoja, maji ya kijani upande mwingine, na magari, mbuzi, wazee na wageni wote wakigombea nafasi ileile.

Ziwa hili si la asili. Ni mto Drin uliozuiwa na bwawa la umeme la miaka ya 1980, na maji yakapanda yakajaza korongo lote. Ndiyo maana linaonekana kama mto uliobanwa: kuna mahali miamba ya pande mbili inasogeleana hadi unadhani kivuko kimefika mwisho, kisha kinageuka na mlango unafunguka. Kivuko kikubwa huondoka saa tatu asubuhi na kuchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Kaa sitaha ya juu ukiwa na koti la upepo, hata Julai. Tazama vijumba vilivyo juu ya miteremko bila barabara yoyote. Boti ndogo za wenyeji husimama chini yao, mtu anashuka na gunia la unga na kuanza kupanda.

Ukifika Fierzë, tafuta dereva wako kwa jina la nyumba uliyolipia. Gari hupitia Bajram Curri. Mwombe asimame ATM na dukani, kwa maana baada ya hapo usitegemee kupata tena.

Kosa la kuepuka wakati wa kuweka nafasi: bonde la Valbona ni refu, na nyumba zinazojiita za Valbona zimetapakaa kwa kilomita nyingi. Chagua iliyo karibu na mwisho wa lami. Iliyo chini zaidi itakuongezea saa nzima ya kutembea asubuhi ya siku ngumu. Kulala, chakula cha jioni na kifungua kinywa huwa kati ya euro 30 na 50 kwa mtu. Viatu huvuliwa mlangoni.

Siku ya 4 pumzika hapo, tembea ukingoni mwa mto, nyoosha miguu. Siku hii pia ni akiba: mvua ikinyesha siku ya 5, unavuka siku ya 6.

Siku ya 5: kuvuka shingo

Kwa Kialbania mahali mlima unaposhuka kati ya vilele viwili huitwa qafë, neno lilelile la shingo ya mtu, na kwa kweli hakuna neno bora. Shingo ya Valbona iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Unaanzia chini kidogo ya mita 1,000 na unamalizia Theth karibu mita 750, kwa hiyo kushuka ni kurefu kuliko kupanda. Jumla ni saa 6 hadi 8 kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Kamba hazihitajiki, magoti mazima yanahitajika.

Beba maji lita 2, mkate na jibini kutoka kwa mwenyeji, kofia, koti la mvua, betri ya akiba ya simu. Vaa viatu vyenye soli ya meno vilivyokwisha kuzoea mguu. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, au saa moja kamili ukichelewa sana. Mawingu ya radi hukusanyika kuanzia saa nane mchana, na shingoni hakuna pa kujificha.

Kilomita za kwanza ni kitanda cha mto mkavu, mawe meupe yanayoakisi jua. Hapa ndipo watu hupotea, si juu. Mafuriko ya kila mwaka huyahamisha mawe yenye alama, kwa hiyo alama nyekundu na nyeupe unaweza kuzikosa kwa muda mrefu. Lifuate bonde kuelekea juu hadi kitongoji cha Rrogam, na uangalie ramani ya simu kila robo saa. Gari la magurudumu manne linaweza kukupeleka hadi mwisho wa mawe kwa malipo kidogo. Mwenye magoti mabovu alipie bila kusita, ahifadhi nguvu.

Baada ya Rrogam njia inapanda msituni, kivuli kizito, vibanda vya kahawa na chemchemi njiani. Jaza chupa kila unapokuta maji. Ukitoka msituni njia inabana kwenye mteremko wa kokoto. Tembea kwa hatua fupi, na ukikutana na nyumbu wa mizigo simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde. Ukifika shingoni, usikae palepale penye umati. Panda dakika chache kilima kidogo cha pembeni, utaona mabonde yote mawili kwa pamoja.

Kushuka ndiko kunakowaangusha watu. Miguu imechoka, njia imejaa mizizi na vumbi, kila mtu anataka kufika. Kata fimbo au kodi mbili za kutembelea, na pumzika kila dakika 40.

Mbwa wa wachungaji ni wakubwa na wanafanya kazi yao. Wakibweka, usikimbie na usipite katikati ya kondoo. Simama, mwite mchungaji, zunguka mbali. Mbwa akizidi kusogea, inama kama unaokota jiwe. Kwa kawaida hurudi nyuma. Namba za dharura ni 112, ambulensi ni 127.

Siku ya 6 na 7: Theth, kisha kurudi

Theth ina kanisa la mawe la mwaka 1892 katikati ya uwanda na, umbali mfupi, mnara wa kujifungia unaoitwa kulla e ngujimit. Huko mwanaume aliyekuwa akiwindwa kwa kisasi cha damu alikaa ndani akisubiri wazee wapatanishe, kwa mujibu wa Kanun, sheria ya kimila ya milima hii. Ingia. Madirisha yake ni matundu ya kutoshea bomba la bunduki, na ukisimama ndani dakika tano utaelewa uzito wa neno "besa", ahadi isiyovunjwa, kuliko kwa maelezo yoyote.

Maporomoko ya Grunas, karibu mita 30, ni mwendo wa chini ya saa moja. Jicho la Buluu la Theth ni mbali: kwa miguu yote ni siku nzima, kwa hiyo chukua gari hadi Nderlysaj kisha tembea kama saa moja. Maji yake ni baridi ya kukata pumzi, ingia taratibu.

Siku ya 7 furgon hurudi Shkodër. Chukua begi lako, endelea hadi Tirana, ulale. Usijaribu kuunganisha Theth na Berat siku moja; gari la Theth likichelewa nusu saa, la Berat limekwisha.

Siku ya 8 na 9: Berat

Ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Tirana. Nyumba nyeupe za mtaa wa Mangalem zimepandana mlimani, dirisha juu ya dirisha, na ng'ambo ya mto Osum mtaa wa Gorica unazitazama. Mji huu uliunganishwa na Gjirokastër katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Lala ndani ya ngome ya juu, ambako familia bado zinaishi, kwa sababu baada ya saa kumi na mbili jioni wageni wa siku moja wameondoka na vichochoro vinakuwa vya wenyewe. Ndani humo kuna makumbusho ya Onufri, mchoraji wa karne ya 16 anayejulikana kwa rangi yake nyekundu.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Çorovodë kwenye korongo la Osum. Kupanda boti za mpira hufanyika majira ya kuchipua maji yakiwa mengi. Kiangazi mto hupungua na watu hutembea ndani yake. Na ikiwa uko huko kati ya tarehe 20 na 25 Agosti, Wabektashi hupanda mlima Tomorr, mita 2,416, kwa ziara ya Abas Ali, yaani Abbas, mwana wa Ali, ambaye aliuawa Karbala. Magari hujaa, vyumba pia, basi weka nafasi mapema.

Wenye gari la kukodi wasikilize hapa: ramani ya simu inaweza kukuonyesha njia fupi ya milimani kutoka Berat kwenda Këlcyrë. Usiifuate kabla ya kuuliza hali yake kwa mwenyeji. Njia ya kuaminika huzunguka kupitia Fier na Tepelenë, na mabasi hupita hukohuko. Basi la kwenda Gjirokastër ni la asubuhi. Ulizia saa jioni iliyotangulia, kituoni hasa.

Siku ya 9 hadi 11: Gjirokastër

Basi hukushusha barabara kuu chini ya mji. Mji wa kale uko juu, kwenye mteremko mkali wa mawe ya kuteleza, na kupanda na begi saa nane mchana ni adhabu. Lipia teksi.

Kila kitu hapa ni mawe, hata paa. Ingia nyumba ya Skenduli au ya Zekate, au zote mbili. Chini kuna birika la maji ya mvua, juu vyumba vya majira ya baridi vyenye dari fupi na meko, juu zaidi vya kiangazi vyenye upepo. Kwenye chumba cha wageni tazama juu: kuna roshani yenye wavu wa mbao, ambapo wanawake wa nyumba waliwaona wageni bila wao kuonwa. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hatahitaji maelezo. Kula qifqi, vidonge vya wali, mayai na mnanaa vilivyokaangwa, havina nyama.

Jicho la Buluu la kusini, Syri i Kaltër, liko njiani kuelekea Sarandë. Ni chemchemi ambayo wazamiaji wameshuka zaidi ya mita 50 bila kuona sakafu. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Kutoka maegesho ni kama kilomita 2 kwa miguu, na kuogelea kwenye jicho lenyewe kumekatazwa.

Siku ya 11 na 12: Përmet

Kutoka Gjirokastër magari ya Përmet ni machache mno, kwa hiyo hili ndilo gari la kuulizia mapema kuliko yote. Njia inafuata mto Vjosa, uliotangazwa hifadhi ya taifa Machi 2023 kwa sababu ndani ya Albania haujazibwa na bwawa. Ukitoka Koman, ambako mto mzima umefungwa, tofauti utaiona kwa macho: hapa maji yanatawanyika, yanagawanyika, yanahama upande hadi upande kwenye kitanda kipana cha kokoto.

Maji moto ya Bënjë yako kilomita 14 hivi kutoka mjini, chini ya daraja la kale la upinde mmoja, Ura e Katiut. Teksi ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja ipatane kabla ya kupanda. Usitarajie maji ya kuchemka. Ni ya uvuguvugu, hayafiki nyuzi 35, na yananuka kiberiti. Vidimbwi vimezungushiwa mawe, na wenyeji husema kila kimoja kina maradhi yake. Vua vito vya fedha, kiberiti huvifanya vyeusi. Vaa viatu vya plastiki: mawe yanateleza, na nyuma ya daraja unaweza kupanda korongo la Lengarica ukitembea ndani ya maji kiangazi. Mvua ikinyesha huko juu, toka kwenye korongo bila kungoja kuona.

Përmet ni mji wa gliko, matunda mazima yaliyopikwa katika sukari, maarufu zaidi likiwa jozi changa lililopikwa na ganda lake la kijani kabla halijawa gumu. Chupa moja iweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi, maana walinzi wa uwanja wa ndege huihesabu kuwa kimiminika. Basi la Tirana huondoka alfajiri na mapema. Leke zilizobaki zibadilishe hukohuko Tirana mjini, kwa sababu ukishatoka nchini ni vigumu kupata duka la fedha litakalozitaka.